Gari la Mtandaoni kwa Mnunuzi wa Dodoma: Bei Kamili na Mahali Fedha Inapopotelea

Mtumishi aliyepanga Nkuhungu na ofisi yake iko Mji wa Serikali, Mtumba, anavuka jiji zima asubuhi na jioni. Mfanyabiashara wa Kibaigwa anafuata mahindi vijijini, muuguzi anatoka zamu usiku wa manane, mhadhiri wa UDOM anapandisha kilima kila siku. Kila mmoja kwa sababu yake anatafuta gari, na siku hizi utafutaji unaanzia kwenye simu. Humo kuna magari yaliyoko Japani, ya yadi za Dar es Salaam, ya watu binafsi na ya minada ya Serikali. Bei zimetawanyika kiasi kwamba gari la aina moja na mwaka mmoja linaweza kutangazwa kwa bei mbili zinazopishana kwa mamilioni.

Nazilinganisha njia hizo kwa mnunuzi aliyeko Dodoma, kilomita kama 450 kutoka bandarini, na kwa vipimo viwili. Kwanza, gharama yote hadi gari lisimame nyumbani likiwa na namba, bima na kadi yenye jina lako. Pili, kiasi gani cha fedha yako kitakuwa mikononi mwa mtu mwingine kabla hujapata kitu, na kwa muda gani. Kipimo hiki cha pili hakimo kwenye tangazo lolote, lakini ndani yake ndimo utapeli wote wa ununuzi wa mtandaoni unamoishi. Tapeli hana gari la kukuuzia. Anachotafuta ni zile siku chache ambazo fedha yako imetoka na mzigo haujafika.

Kuagiza Japani

Hii ndiyo njia inayotajwa kuwa rahisi kuliko zote, na mara nyingi ni kweli, ila kwa anayeielewa. Magari mengi yaliyotumika Japani hupitia minada ya wafanyabiashara, kama ile ya USS ambayo ndiyo kubwa zaidi nchini humo. Mtu wa kawaida haruhusiwi kunadi mle. Ni wanachama wenye leseni tu. Kwa hiyo anayesema amenunua gari mnadani Japani akiwa Dodoma amenunua kupitia kampuni ya kuuza magari nje, na anaweza kufanya hivyo kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kuchagua gari ambalo kampuni imekwisha kulinunua na kuliweka kwenye tovuti yake kwa bei inayojulikana. Ndivyo zinavyofanya kampuni kubwa zilizozoeleka hapa, kama BE FORWARD na SBT Japan. Ya pili ni kuiomba kampuni ikunadie: unaweka amana, unataja dau la mwisho, wao wanaingia mnadani kwa niaba yako na kukutoza ada ya kazi hiyo. Njia ya pili inaweza kukupa gari kwa bei ya chini, kwa sababu faida ya mwenye stoo haimo. Lakini hujui bei hadi mnada uishe, muda wa kuamua ni mfupi, na amana yako inakaa kwa mtu usiyemjua hata kabla gari halijapatikana. Kwa anayeagiza mara ya kwanza ushauri wangu hauna kona: achana na kunadi, chukua gari lenye bei iliyoandikwa.

Vyovyote utakavyochagua, omba karatasi ya mnada. Pale Msalato siku ya Jumamosi, mnunuzi wa ng'ombe humzunguka, humshika mgongo, humtembeza, ndipo atoe fedha. Anayenunua gari kwa picha ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na karatasi ya mnada ndiyo njia ya kwanza ya kulifungua gunia hilo. Mkaguzi wa mnada, ambaye hana undugu na muuzaji wako, huliandikia gari alama. Alama 4 au 4.5 ni ya gari lililotunzwa, 3.5 ni la matumizi ya kawaida lenye mikwaruzo na mabonde, na herufi R au RA maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Ndani ya gari hupimwa kwa herufi, A ikiwa safi kabisa na D ikiwa imechakaa. Kisha kuna mchoro wa bodi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali paliponyooshwa au kupakwa rangi upya, S ni kutu, X ni sehemu inayotakiwa kubadilishwa na XX ni iliyokwisha kubadilishwa. Kilomita nazo zimo.

Karatasi hiyo inaweza kughushiwa, kwa hiyo usiishie kwenye picha uliyotumiwa. Chukua namba ya chesisi. Zipo huduma za mtandaoni ambazo kwa malipo madogo hutafuta rekodi ya mnada ya chesisi hiyo, na ukiona karatasi uliyopewa inasema kilomita 68,000 huku rekodi ikisema 168,000, umeokoa mamilioni kwa gharama ya chakula cha mchana. Halafu kuna cheti cha kufuta usajili wa Japani, ambacho gari haliwezi kutoka bila hicho. Nacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa huko. Karatasi ya mnada na cheti hicho visipokubaliana, gari hilo liache.

Sasa bei. Tovuti huandika FOB, yaani gari hadi kwenye meli tu, au CIF, yaani gari pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam. Wengi huona FOB, wakaizidisha kwa dola ya siku hiyo, wakadhani wamepata jibu. Kumbe hapo hata nusu ya safari haijafika. Baada ya CIF kuna kodi, na si lazima kodi ihesabiwe kutokana na bei uliyolipa wewe. TRA ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na uko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti yao. Unaingiza aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini na mafuta linayotumia, nao unakupa thamani wanayoitambua na jumla ya kodi. Ni bure. Sioni sababu ya mtu kutuma dola hata moja kabla hajaufungua mfumo huo.

Kuona uzito wa kodi, tuchukue gari ambalo thamani yake kwa TRA ni shilingi milioni 10, injini yake ni ya cc 1,500, na limetengenezwa zaidi ya miaka 10 iliyopita, kama zilivyo IST nyingi zinazoingia. Ushuru wa forodha ni 25%, yaani 2,500,000. Juu ya jumla ya thamani na ushuru huo unakuja ushuru wa bidhaa wa 5% kwa ukubwa wa injini, 625,000, na ule wa uchakavu wa 30% kwa sababu ya umri, 3,750,000. Kisha VAT ya 18% juu ya vyote, 3,037,500. Jumla ni 9,912,500, kabla ya tozo ndogondogo za forodha na reli na ada ya usajili. Kodi imekaribia kuwa sawa na gari lenyewe.

Badilisha kitu kimoja tu, umri. Gari lisilofikisha miaka 8 halina ule ushuru wa uchakavu, na kwa thamani ileile ya milioni 10 kodi zake hizo zinashuka hadi 5,487,500. Lenye miaka 8 hadi 10 liko katikati, kwa kuwa uchakavu wake hutozwa 15%. Kweli gari jipya zaidi lina bei ya juu huko Japani, lakini wako wanaolipa kodi ya uchakavu kwa gari kuukuu kiasi ambacho kingewatosha kupata lililo bora. Fanya hesabu za magari mawili au matatu kabla ya kuchagua, usifanye ya lile moja ulilolipenda tu. Injini isiyozidi cc 1,000, kama ya Passo au Vitz ndogo, haina ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, na kwa anayezunguka kati ya Area D, Majengo na Kisasa hiyo ni akiba ya kweli.

Ongeza ukaguzi wa TBS, gharama za bandari, ujira wa wakala wa forodha, bima, mafuta na dereva wa kulileta gari Dodoma. Gari likichelewa kutolewa, gharama ya kuhifadhi bandarini inaanza kupanda siku hadi siku, kwa hiyo fedha ya kodi iwe tayari kabla meli haijatia nanga.

Kampuni ya kweli na kampuni ya kwenye picha

Kwenye kuagiza Japani ndiko fedha nyingi hukaa wazi kuliko kwenye njia nyingine yoyote. Unatuma thamani yote ya gari kupitia benki, kwa kile ambacho benki hukiita TT, kisha unasubiri wiki kadhaa. Matapeli wanalijua hilo vizuri. Hutengeneza tovuti yenye jina la Kijapani, hunakili picha za magari kutoka kampuni halisi, huweka bei ya chini kidogo ya soko na kujibu ujumbe haraka kuliko kampuni za kweli. Shirika la biashara la Japani, JETRO, limewahi kutoa tahadhari kuhusu kampuni bandia za aina hii.

Kuzigundua si kazi ngumu. Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 13, na mamlaka ya kodi ya huko ina tovuti ambapo mtu yeyote anaweza kuitafuta akaona jina na anwani ya kampuni. Muombe muuzaji namba hiyo. Wa kweli ataitoa mara moja; wa uongo ataanza hadithi. Kisha angalia kama kampuni ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa nje wa magari yaliyotumika cha Japani, ambacho orodha ya wanachama wake iko wazi. Chama hicho pia kina utaratibu wa malipo ambapo fedha ya mnunuzi hupitia kwao badala ya kwenda moja kwa moja kwa muuzaji. Kama kampuni unayoitaka ni ndogo na hujawahi kufanya nayo biashara, uliza kama inaukubali utaratibu huo, hata ukiongeza gharama kidogo.

Halafu itazame ankara kwa makini. Jina la akaunti liwe la kampuni, lisiwe la mtu. Benki ikiwa katika nchi isiyohusiana na kampuni, simama. Na kuna hila moja inayowanasa hata watu makini: umezungumza na kampuni halisi kwa wiki mbili, kisha barua pepe inakuja ikisema akaunti yetu imebadilika kwa sababu ya ukaguzi wa mahesabu, tuma kwa hii mpya. Mtu ameingilia barua pepe na anaandika kwa jina lao. Usijibu barua hiyo. Piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti rasmi, isiwe iliyo kwenye barua, uthibitishe kwa sauti. Simu ya dakika tano kwenda Japani ni bei ndogo sana kulinganisha na gari.

Baada ya malipo, kinachokulinda ni hati ya kupakia meli. Bila hiyo, au bila ruhusa ya kampuni ya meli ya kutoa gari pasipo hati halisi, gari halitoki bandarini. Hakikisha imeandikwa jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho na TIN, na namba ya chesisi ni ileile uliyoilipia.

Wakala wa forodha naye achaguliwe kwa uangalifu. Awe na leseni ya TRA, na akuandikie gharama mstari kwa mstari badala ya jumla moja ya mviringo. Muhimu kuliko yote, kodi ilipe wewe. TRA hutoa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo watu huiita kontrol namba, na unaweza kuilipia benki au kwa simu ukiwa Dodoma. Hakuna sababu ya kumtumia wakala milioni tisa ili akulipie. Mpe ujira wake, na fedha ya Serikali ipeleke kwa Serikali.

Yadi

Gari la yadi linaonekana ghali, na watu wa mtandaoni hulidharau. Mimi nadhani linadharauliwa kupita kiasi. Bei yake imebeba meli, kodi, bandari na faida ya mtu aliyefunga mtaji wake miezi kadhaa. Ukiiweka kando ya hesabu kamili ya kuagiza, tofauti huwa ndogo kuliko ile inayoonekana kwenye picha ya FOB. Kinachobadilika sana ni kipimo cha pili: unaliona gari, unaliwasha, fundi wako analiinua, unalipa, unaondoka nalo. Fedha yako haikai hewani hata usiku mmoja.

Kwa mtu wa Dodoma kikwazo kilikuwa safari. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwezi Julai 2024, na Rais Samia akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo, Dar es Salaam ni safari ya saa chache. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Nauli yako na ya fundi, kwenda na kurudi, ni fedha ndogo kuliko kianzio ambacho muuzaji asiyejulikana angekuomba utume kwa simu.

Bei ya yadi lazima iwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutaja au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo anayekuambia gari ni dola elfu saba na kukataa shilingi amevunja sheria kabla hamjaanza. Uliza pia kama bei ni pamoja na usajili na namba. Jina la biashara litafute kwenye mfumo wa BRELA, na risiti ya EFD idai bila haya. Kama ni lazima uache kianzio, kiwe kwa maandishi yenye namba ya chesisi na masharti ya kurudishiwa, na kiingie kwenye akaunti ya kampuni.

Mtu binafsi kwenye tovuti za Kupatana na Jiji, na Instagram

Hapa bei ni ya chini kuliko zote na hapa ndipo watu wengi huingizwa mjini. IST namba D, injini safi, AC inapoza, bei ya kuondoa kwa sababu mwenye gari anasafiri. Ukipiga simu unaambiwa kuna mwingine anakuja saa nane, tuma laki tano tukushikie. Kila Mtanzania amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na anaujua ni uongo, lakini ombi la kushikiwa gari linawashinda wengi kwa sababu wao wenyewe ndio walioanza kupiga simu. Wanajiona wawindaji, kumbe ndio wanaowindwa.

Tulikuwa na soko la mtandaoni ambalo mteja aliweza kulipa mzigo ukifika mlangoni, Jumia, lakini lilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Kurasa nyingi za matangazo zilizobaki zinamkutanisha muuzaji na mnunuzi tu; hazishiki fedha na hazibebi hasara. Kwa hiyo ulinzi ni wako mwenyewe, na sheria ni moja: hakuna fedha inayotoka kabla ya gari kuonekana. Si laki tano, si elfu hamsini ya mafuta ya kulileta.

Yapo mambo unayoweza kuyakagua ukiwa umekaa nyumbani. Omba namba ya usajili. Kwenye mfumo wa Polisi wa makosa ya barabarani, TMS, namba hiyo itaonyesha kama gari lina faini zisizolipwa. Kwenye mfumo wa TIRA utaona kama lina bima hai. Muuzaji anayekataa kutaja namba ya gari, au picha zake zote zimezibwa namba, hana cha kukuuzia. Picha zenyewe nazo zina maneno: gari linadaiwa kuwa Dodoma leo, lakini picha ina mnazi nyuma yake.

Mkikutana, mkutane mchana, mahali penye watu, na fundi awepo. Linganisha chesisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye kadi. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha NIDA cha aliyesimama mbele yako. Kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mwenye gari, gari hilo ni dhamana ya mkopo na haliuziki hadi benki iandike kwamba deni limekwisha. "Ni gari la shemeji, amenipa niuze" ni maneno ya kawaida, na wakati mwingine ni kweli. Basi shemeji aje, au wakili alete hati ya uwakilishi inayothibitika. Malipo yafanyike benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye kadi, na siku hiyohiyo muanze kubadilisha umiliki TRA. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. "Litakuja jina la mke wangu" ni sababu ya kufunga simu.

Minada ya Serikali na ya benki

TRA huuza kwa mnada, hata kwa njia ya mtandao, magari na bidhaa zilizokaa forodhani kupita muda wake. Benki nazo huuza dhamana kupitia madalali wenye leseni, na taasisi za Serikali huuza magari yaliyochoka. Bei zinaweza kuwa nzuri sana. Gari huuzwa lilivyo, pasipo dhamana, na wakati mwingine bila funguo au bila kuwashwa, hivyo siku ya ukaguzi iliyotangazwa usiikose. Asiyekwenda kukagua asinadi. Kwenye minada ya madalali wa benki masharti ya kawaida ni kulipa 25% papo hapo na kilichobaki ndani ya siku 14, na anayeshindwa hupoteza kianzio. Weka dau la mwisho kwenye karatasi kabla hujaingia, kwa sababu joto la mnada humfanya mtu apite bei ya yadi bila kujua.

Utapeli wa hapa una sura moja: mtu anajitambulisha kuwa ofisa wa forodha, ana Harrier iliyokamatwa, anaweza kukutolea nje ya mnada kwa milioni saba. Hakuna mnada wa Serikali unaolipiwa kwa namba ya simu ya mtu. Fedha ya Serikali inalipwa kwa kumbukumbu namba, na ukiingiza namba hiyo benki unaona jina la taasisi. Kisichopita hapo si mnada.

Nje ya minada hiyo, anayenadi vipuri vya gari kwenye masoko ya kimataifa kama eBay anakutana na hila nyingine. Baada ya kushindwa dau, anapokea ujumbe kwamba mshindi amejitoa, tuma fedha moja kwa moja utauziwa wewe. Ukitoka nje ya mfumo wa malipo wa tovuti, ulinzi wake wote umeuacha nyuma. Na hata ndani ya mfumo, dhamana ya kurudishiwa fedha ya eBay haihusu magari.

Hukumu yangu

Mwenye fedha iliyotimia, asiye na haraka, aliyefanya hesabu ya kodi ya magari matatu na kuithibitisha kampuni, aagize Japani kwa bei iliyoandikwa. Anayenunua gari la kwanza, au aliyekopa na hawezi kuvumilia hasara hata ya milioni moja, aende yadi na fundi wake. Mnada wa Serikali ni wa anayejua magari. La mtu binafsi linunuliwe kwa anayekubali kukutana benki na TRA, na asiyekubali aachwe hata bei yake iwe tamu vipi.

Aliyekwisha kutuma fedha na kushtuka asipoteze saa akibishana na tapeli. Kama ni kwa simu, piga 100 kwa mtandao wako uombe muamala uzuiwe. Kama ni TT, nenda benki ukaombe irudishwe kabla haijachukuliwa upande wa pili. Hifadhi ujumbe, namba, risiti na picha za tangazo, uende Polisi ukachukue RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu huu kuwa jinai. Ujumbe wa tapeli na namba yake vitume 15040, namba ambayo TCRA imeiweka kwa kazi hiyo. Wengi huona aibu na kunyamaza, na namba ileile inaendelea kuuza IST ileile kwa mtu mwingine wa Nzuguni au Chang'ombe. Tuma namba hiyo leo.